Mama Aliyeninyima Nyuzi

Kununua nyuzi za gitaa kwa yule mama kulikuwa kama kwenda kuposa. Huingii ukataja haja yako, ukapewa, ukaondoka. Unaingia, unaketishwa, unahojiwa, unaambiwa urudi siku nyingine, na siku hiyo ukirudi unakuta shauri limebadilika. Nimemjua tangu nilipohamishiwa Kisumu kufundisha shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki kutoka dukani kwake hata mara moja na zile nyuzi nilizoingia kuzitafuta.

Siku ya kwanza nilikuwa mgeni wa mji, sikujua. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema kwa adabu, "Mama, naomba seti ya kumi na moja."

Nieleze kidogo kwa asiyepiga gitaa. Nyuzi huuzwa sita katika pakiti moja, na sisi huziita kwa unene wa ule uzi mwembamba kuliko wote. Kumi ni laini, hata mtoto anazibonyeza. Kumi na moja ni za mtu wa kawaida mwenye kazi nyingine. Kumi na mbili zinaanza kuuma. Kumi na tatu ni adhabu.

"Kumi na moja ya nini?" akauliza.

"Ya gitaa, Mama."

"Gitaa nimesikia. Nauliza utaenda kupiga wapi."

"Kanisani."

"Hiyo kanisa iko na spika?"

"Iko nazo. Ila stima ikipotea…"

"Stima hupotea?"

"Hupotea."

"Basi hutaki kumi na moja." Akavuta droo, akatupa mezani pakiti ya kumi na mbili. "Stima ikipotea, hizi zitafika mpaka kwa wale wa nyuma. Hizo zako zitafika kwa pasta tu."

Nikamwambia vidole vyangu havijazoea nyuzi nzito. Akaniomba mkono wa kushoto. Nikampa, kwa mshangao tu. Akabonyeza ncha za vidole moja moja kama mtu anayechagua parachichi, kisha akanirudishia mkono wangu.

"Vitazoea," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nilitoka na kumi na mbili. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi na jibu sina.

Duka lenyewe halikuwa la muziki. Lilikuwa la vifaa vya ushonaji, upande wa nyuma wa soko: zipu, vifungo, lastiki, bitana, na nyuzi za cherehani za kila rangi zimepangwa ukutani mpaka darini. Nyuzi za gitaa zilifikaje pale? Kwa ajili ya kibao. Juu ya mlango alikuwa ameandikisha NYUZI ZA KILA AINA, na siku moja, kabla mimi sijahamia mjini, akaingia kijana wa bendi ya harusi, akasoma kibao, akaomba nyuzi za gitaa. Mtu mwingine angemcheka akamwelekeza kwingine. Yeye akaitazama ile kila aina yake, akaona ameshikwa uongo mchana kweupe. Akamwambia kijana arudi Alhamisi. Alipokwenda Nairobi kuchukua mzigo wa zipu, alirudi na pakiti za nyuzi za gitaa, asijue ipi ni ipi. Kisha akajifunza. Na balaa yetu sote wapiga gitaa wa mji huu ilianzia hapo, kwa sababu alijifunza nusu, na nusu nyingine akaijaza kwa mambo ya nguo.

Kwake gitaa lilikuwa nguo na mpigaji alikuwa kitambaa. "Hariri haishonwi na uzi wa gunia," alikuwa akisema, "na gunia halishonwi na uzi wa hariri." Halafu anakutazama toka juu hadi chini, tai yako, viatu vyako, tumbo lako kama unalo, anaamua wewe ni kitambaa gani. Mimi aliniamulia siku ile ya kwanza kwamba ni turubai. Hakubadilisha mawazo tena.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alivaa kofia ya sufu hata saa saba mchana, jua la Kisumu likikaanga lami. Shingoni alining'iniza utepe wa kupimia kama fundi, na kushona hakujua. Nguo zake alishonewa na wateja wake. Gitaa pia hakujua kupiga, hata sauti moja. Nilimwuliza mara moja, nikiwa nimechoka naye, "Mama, wewe unajuaje nyuzi zinavyolia kama hupigi?" Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwa zipu alizokuwa akihesabu: "Japuonj, mimi pia sijawahi kufa, lakini sanda nauza."

Japuonj ni mwalimu, kwa Kijaluo. Ndivyo alivyoniita siku zote. Yeye alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara waliotoka upande wa Mlima, lakini alikuwa amekaa nasi kiasi kwamba alinunua samaki kwa Kijaluo, akagombana kwa Kijaluo, na akimaliza kugombana alimshukuru Mungu wake kwa Kikuyu. Kiswahili alikitumia kwa biashara. Misemo alikuwa nayo mingi na aliitunga mwenyewe papo hapo, kisha akakuambia ni ya wahenga. "Anayelilia uzi mwembamba ana nguo ya kuazima," aliniambia siku moja nilipozirudia zile kumi na moja. Nikamwambia nimefundisha Kiswahili darasani miaka mingi na sijawahi kuusikia msemo huo. Akasema, "Ndiyo maana watoto wanaanguka."

Sasa nitaeleza habari ya gitaa langu la pili, kwa sababu nikiikumbuka mpaka leo damu inapanda.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Nililirithi kwa mwalimu mwenzangu aliyehamia Busia. Pana shingoni, jepesi, na sauti yake tamu ya kubembeleza. Magitaa ya namna hiyo yameumbwa kwa nailoni na hayataki kitu kingine. Nyuzi zake zilipochakaa nikalibeba dukani, nikamwambia Mama, "Hili ni la nailoni."

"Nailoni ni ya kuvulia samaki," akasema.

"Mama, gitaa hili ni la nailoni. Limetengenezwa hivyo."

"Nani alikuambia?"

"Aliyenipa."

"Na amekuja? Ameenda. Ameona halitoi sauti, akakuachia." Akaligonga kifuani kwa kidole, likatoa ule mlio wake mtamu. "Unasikia? Linalia njaa. Hebu tulipe chuma."

Ningekataa. Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, ningesema hapana nikaondoka. Lakini kulikuwa na wateja wengine watatu wanasikiliza, wote wakitikisa vichwa kukubaliana naye, na mmoja wao, mshonaji wa sare za shule, akasema, "Sikiza Mama, yeye anajua." Anajua! Tukaweka chuma. Kwa siku chache nikakiri moyoni kwamba lilinguruma vizuri. Kisha asubuhi moja, nikiwa nakunywa uji mezani na gitaa limelala kitini, nikasikia kitu kimepasuka kama mfupa wa kuku. Kile kibao cha tumboni kinachoshika mikia ya nyuzi kilikuwa kimeng'oka, kimebeba na ngozi ya mbao. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu mara mbili ya nailoni. Jambo ambalo kila mtu duniani alilijua isipokuwa yeye.

Nikalifunga kwa shuka nikampelekea. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Alilifunua, akalitazama kwa muda mrefu, akakichukua kile kibao akakinusa.

"Gundi mbaya," akasema.

"Mama, si gundi! Ni nyuzi!"

"Nyuzi ziko wapi? Si hizi hapa, nzima? Kilichovunjika ni nini? Ni mbao. Mimi nauza mbao?"

Yeye akalifunga tena lile gitaa, akafunga na duka, saa nne asubuhi, siku ya soko, akalibeba mgongoni kama mtoto mpaka Kaloleni kwa fundi wa majeneza aliyemjua. Akasimama pale juu ya kichwa cha fundi mpaka kibao kikarudi mahali pake, kwa gundi na skrubu mbili za jeneza. Akaniletea mpaka shuleni, akapita nalo mbele ya darasa la saba. Tangu siku hiyo lile gitaa lilikuwa linalia kama sufuria. Hakuomba msamaha. Nilingoja, hakuomba.

Na hilo silo lililoniudhi zaidi. Lililoniudhi ni kwamba, toka hapo, kila mteja aliyeingia na gitaa alikutana na mama aliyejua tofauti ya nailoni na chuma tangu kuumbwa kwa dunia. "Gitaa lako lina shingo pana? Lete nione. Hii ni ya nailoni, usithubutu kuweka chuma. Kuna mwalimu mmoja hapa mjini, mjinga, aliweka chuma, gitaa ikararuka." Nilimsikia kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya mteja huyo. Akaniona. Wala hakumeza mate. "Si ndiyo, Japuonj?"

Mke wangu aliona natoka pale kila mara nikiwa nimefura, akaniuliza kwa nini siendi kwingine. Swali zuri. Nilikwenda. Kulikuwa na duka kubwa lenye vioo lililouza redio na nyuzi pia. Walinipa nilichotaka, dakika moja, bila swali hata moja, bila hata kunitazama usoni. Nilipofungua pakiti nyumbani nyuzi zilikuwa na kutu ndani kwa ndani. Hewa ya ziwa ina unyevu, na pakiti zile zilikuwa zimekaa kwenye kioo pengine tangu jengo lijengwe. Nikarudi kwa Mama. Sikumwambia nilikokuwa. Alijua tu.

"Walikupa haraka?"

"Walinipa haraka."

"Mm," akasema.

Yeye mwenyewe vita na unyevu alivipigana kwa ujinga wake wa pekee. Mtu alimwambia mchele hunyonya maji hewani, basi akamwaga mchele katika droo ya nyuzi. Panya wakaja kula mchele. Nikauziwa pakiti yenye alama za meno, na nilipolalamika nikaambiwa panya hali chuma. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini huwezi kumjibu mteja hivyo.

Mara moja tulijaribu kumlaghai. Mke wangu alikwenda kununua zipu ya sketi, nikamwagiza aombe na seti ya kumi na moja, aseme ni ya binamu yake wa Siaya, mgonjwa wa vidole. Alirudi na zipu, na kumi na mbili, na salamu: "Mwambie Japuonj nimeijua hila yake, na huyo binamu apone." Mke wangu alikuwa anacheka hata amekaa chini. Wakawa marafiki kutoka siku hiyo. Walipigiana simu. Nilikuwa nikiingia jikoni nasikia jina langu, kisha kimya.

Kanisani kwetu Mama hakuwa muumini. Alikuwa na kanisa lake, huko Nyamasaria. Lakini Jumapili moja nikainua macho kutoka kwenye gitaa nikamwona kwenye benchi la mbele kabisa, na kofia yake ya sufu, mikono ameikunja. Amekuja kukagua. Nikaanza kukosea. Wakati wa sadaka watu walipanga mstari, na yeye akapanga, akafika kwenye kikapu, akatumbukiza, na badala ya kurudi mahali pake kama Wakristo wengine akapinda kushoto akanijia. Kwaya inaimba, mimi napiga, pasta anatazama. Akaniinamia sikioni.

"Uzi ya nne imelala."

"Mama, tafadhali."

"Imelala. Iamshe."

Na akasimama pale pale. Hakuondoka mpaka nilipouacha wimbo katikati, kwaya ikiendelea peke yake kama gari lisilo na dereva, nikaukaza uzi wa nne. Alitingisha kichwa, akarudi kukaa. Baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita wakaniuliza yule mama ni nani wangu. Nikawaambia ni mwenye duka. Hawakuniamini.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na subira ya kunisumbua hivyo, na bado hakuwa na subira na mtu anayebishania bei. Alimfukuza. Halafu jioni ukakutana naye ufukweni akibishania ngege mmoja na mama mwuza samaki mpaka yule mwuzaji akawaita wenzake wawe mashahidi. Alikuwa akisema muziki wa matanga ni makelele ya kumzuia maiti asipumzike, na kila mara niliposema nina matanga ya kupiga alinichagulia nyuzi kwa makini kuliko harusi yoyote.

Kama zile za Kisian. Baba wa mwalimu mwenzetu alikuwa amefariki, na tuliombwa tupige siku ya mazishi, nje, uwanjani. Mama akanipa kumi na tatu. Nilikataa. Nilikataa kwa sauti mpaka watu wakachungulia kutoka duka la jirani.

"Hizi zitanikata vidole!"

"Kuna hema?"

"Kuna hema, kuna jenereta, kuna spika nne. Sihitaji kumi na tatu!"

"Jenereta ni ya nani?"

"Nitajuaje jenereta ni ya nani?"

"Basi chukua kumi na tatu."

Saa sita mchana, mwili umetolewa, mjane amesimama, jenereta ikakohoa ikazima. Petroli imekwisha, aliyetumwa kununua alikuwa amekaa mahali anakunywa. Spika zote nne zikawa viti vya kuku. Watu walikuwa wengi mpaka kwenye barabara ya Busia. Nikasimama karibu na jeneza nikapiga gitaa langu kwa nguvu zangu zote, nyuzi zikalia kama kengele, na wale wa barabarani wakaudaka wimbo wakaupokea. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba mama yake hakukumbuka hotuba hata moja ya siku ile, alikumbuka gitaa tu. Hayo ni kweli na siyakatai. Lakini ni kweli pia kwamba vidole vyangu vitatu vilipasuka, kwamba nilikula ugali kwa kulishwa na mke wangu kama mtoto mchanga, na kwamba nilipomwonyesha Mama vidonda hivyo alivitazama akasema, "Sasa viko tayari kwa kumi na mbili."

Mwaka mmoja wa uchaguzi mji ulichafuka. Mwenye kukaa Kisumu anajua, sina haja ya kueleza. Nilipita sokoni nikakuta duka lake limefungwa, na mshonaji wa sare za shule na wenzake wawili wameketi mbele ya mlango, wanacheza ajua, bao la Kijaluo, kwa vifungo vya koti. Niliwauliza yuko wapi. Wakasema amekwenda kwa dada yake Nakuru, kama wengine waliotoka upande wa Mlima, mpaka mambo yatulie, na wao wako pale tu. "Pale tu" ilikuwa mchana kutwa, siku baada ya siku. Hakuna aliyeugusa mlango ule.

Nikampigia simu. Iliita sana.

"Unataka nyuzi?" akasema.

"Mama, nataka kujua kama uko salama."

"Niko salama. Unataka nyuzi?"

"Sitaki nyuzi."

"Basi usinimalizie chaji." Akakata. Nikabaki nimeshika simu, nimekasirika. Baada ya muda kidogo ikaita. Ni yeye. "Na wewe je?" akauliza. "Watoto?" Nikamwambia tuko wazima. Nilisikia kuku wa dada yake. Kisha akasema, "Usikaze nyuzi wakati huu wa joto. Zilegeze kidogo," akakata tena.

Aliporudi nilikwenda kumsalimu siku hiyo hiyo. Nilitaka kumwambia neno la maana, neno la mtu mzima, kuhusu yaliyotokea, na kwamba mji ule ni wake. Nilikuwa na gitaa begani. Aliliona kabla ya kuniona mimi.

"Hizo ulinunua wapi?"

"Mama, karibu nyumbani. Nilitaka kusema…"

"Hizo si zangu. Nimeondoka kidogo tu, tayari umevaa uchafu wa watu." Akalivua begani mwangu, akaanza kuzifungua. Neno langu la maana nikarudi nalo nyumbani. Nadhani ninalo mpaka leo.

Mwaka huu mvua za kwanza zilipoanza, alianguka dukani. Mshonaji wa sare alinipigia. Kiharusi. Akalazwa, akatoka, na binti yake akamchukua nyumbani kwake Nyamasaria. Duka likafungwa, na safari hii hakuna aliyeketi mlangoni, kwa sababu vitu vilikuwa vimeshachukuliwa na huyo binti. Nilimtembelea hospitalini mara mbili, alikuwa amelala. Kisha binti yake akampigia mke wangu akasema daktari amewaambia mgonjwa azungumzishwe, achezewe muziki, asiachwe kimya. Mwalimu anaweza kuja na gitaa?

Nilikwenda Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Gitaa nililokuwa nalo ni jipya kiasi, zuri, na nyuzi zake nilikuwa nimeletewa na mpwa wangu kutoka Nairobi: za kisasa, zimepakwa utando mwembamba wa kuzuia kutu, zinateleza chini ya kidole kama sabuni. Nilizipenda. Nilikuwa nimezichagua mimi mwenyewe, bila kuhojiwa na mtu.

Alikuwa barazani, kitini, na blanketi magotini. Kofia ya sufu walimvisha, lakini waliivisha vibaya, imeegemea upande mmoja, jambo ambalo yeye asingelikubali. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilimsalimu. Alinitazama. Macho yalikuwa yale yale, ila mdomo ulikuwa umevutwa pembeni na haukutoa kitu.

Binti yake aliniletea kiti. "Tangu hospitali hajasema," akaniambia polepole. "Maji, anasema. Na hapana. Basi. Wakati mwingine anajaribu, halafu anachoka, anageuza uso." Ni mama wa makamo, mpole, hafanani na mama yake hata kidogo. "Wewe piga tu, Mwalimu. Hata asipojibu."

Nikapiga. Nilianza na wimbo wa kanisa, ule wa taratibu wanaoupenda wazee, na nyuzi zangu mpya zikalia safi, laini, kila sauti mahali pake. Nilipiga beti zote. Nilipiga vizuri, nasema kweli. Nilipomaliza nikaona uso wake umebadilika. Paji la uso limekunjamana, shingo imekaza, midomo inatafuta kitu.

Binti akapiga magoti mbele yake. "Mama? Mama, unataka kusema?" Akanigeukia, macho yamejaa. "Anataka kukushukuru."

"Mm," akasema Mama. "Mm. Mba."

"Polepole, Mama."

"Mba. Ya."

Binti akanitazama, hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilielewa vizuri sana, na joto lile lile la miaka yote likanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

"Mbaya?" nikasema. "Nini mbaya? Nyuzi hizi?"

Akafumba macho, akafumbua. Ndiyo.

"Mama, hizi ni mpya! Hazina hata wiki! Zimetoka Nairobi, zimepakwa dawa ya kutu, wapiga gitaa wakubwa wote wanaweka hizi!"

"Mba-ya," akasema, safari hii kwa wepesi zaidi. "Sana."

"Mbaya sana vipi? Hebu niambie. Usikae hapo unasema mbaya tu, mtu yeyote anaweza kusema mbaya!"

Sikumwona binti yake alipoinuka. Mke wangu ndiye aliyeniambia baadaye, kwa kuwa binti alimsimulia: kwamba alikimbilia jikoni akashika ukuta akalia, kwa sababu mama yake alikuwa amesema neno jipya, kisha la pili, na mimi nilikuwa nimemfokea mgonjwa. Mimi sikuwa na nafasi ya kulia. Nilikuwa nimevuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, gitaa nimelisimamisha kati yetu, nikipiga uzi mmoja mmoja mbele ya uso wake: huu mbaya? Na huu? Huu nao una kosa gani?

Aliusikiliza kila mmoja mpaka ukaisha kulia. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa ziwa na upepo umeanza kupeperusha nguo kwenye kamba. Nikasema, "Haya. Kama unajua sana, sema. Nina mchana mzima."

Akavuta pumzi. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukatoka chini ya blanketi, ukainuka taratibu, na kidole kimoja kikasimama mbele yangu.

"Kwanza," akasema.

Nikalaza gitaa mapajani, nikangoja.